Defender ya zamani inabeba kilo ngapi? Nilivyopima yangu

Ukitaka kujua Land Rover Defender 110 ya zamani inabeba kiasi gani, fungua boneti kabla ya kumuuliza mtu. Juu ya kisanduku cha pedali ya breki kuna kibati chenye mistari minne ya uzito. Changu kinasema gari na kila kilichomo lisizidi kilo 3,050. Mstari wa pili ni wa gari likivuta trela. Wa tatu ni ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, 1,200, na wa nne ekseli ya nyuma, 1,850.

Nilihitaji namba hizo kwa sababu shemeji yangu, mwalimu kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, aliniomba nimpelekee betri mbili za sola, vitabu na mifuko sita ya saruji. "Shemeji, hiyo ni Land Rover, pakia tu," aliniambia kwenye simu. Naelewa kwa nini watu husema hivyo. Magari haya tumeyaona yakibeba kijiji kizima. Lakini gari lenye umri wa miaka karibu thelathini si lile lililotoka kiwandani, na langu lina keria ya chuma, ngao ya mbele, winchi na tangi la pili la dizeli. Vyote hivyo ni mzigo ambao tayari umepakiwa.

Kwa hiyo nilienda Industrial Area, Nairobi, kwenye mizani ya kupimia malori, nikiwa na matangi yamejaa. Nilimwomba kijana wa mizani anipime mara tatu: magurudumu ya mbele peke yake, gari zima, kisha ya nyuma peke yake. Nami nikiwa kwenye usukani, jumla ilikuwa 2,340: mbele 1,100, nyuma 1,240. Zilibaki kilo 710.

Hizo 710 huisha haraka. Abiria watatu ni kama 225. Maji lita 80 ni kilo 80, hakuna ujanja hapo. Mitungi miwili ya dizeli ya lita 20 inakaribia 40 ukihesabu na mitungi yenyewe. Vifaa, jeki na vyakula 60, tairi la akiba la pili 35. Nikabaki na 270. Mifuko sita ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, ni 300, na betri bado sijaziweka.

Fundi wangu wa Kirinyaga Road aliniuliza kama nataka springi nzito zaidi. Nilikataa, na yeye mwenyewe alikubaliana nami baada ya kuongea. Springi nzito huinua mkia wa gari, jicho likadanganyika, lakini ekseli, breki na chesisi hubaki zilezile. Pesa hiyo niliiweka kwenye mafuta mapya ya breki, bushi na shokabzoba za nyuma. Alilala pia chini ya gari na nyundo ndogo akigonga chesisi, hasa ile boriti ya nyuma kabisa, kwa sababu bodi ya Defender ni alumini lakini chesisi ni chuma na hula kutu kimyakimya. Gari lililokaa Mombasa ningeligonga mara mbili. Matairi hayakunipa wasiwasi: yameandikwa 120, maana yake kilo 1,400 kila moja, ingawa niliangalia pia mwaka yalipotengenezwa.

Saruji nikamwambia shemeji tuipeleke kwa lori kutoka Isiolo. Hakufurahi mwanzoni. Betri, kilo 60 kila moja, nilizifunga sakafuni, zikiegemea ukuta ulio nyuma ya viti vya mbele. Maji yakafuata hapohapo. Kitu kizito kikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, huongeza zaidi ya uzito wake kwenye ekseli hiyo na kuinua pua ya gari, usukani ukawa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Kwenye keria niliweka hema na magodoro tu, kwa sababu mzigo wa juu ndio unaolipindua gari kwenye mteremko wa ubavu.

Nikarudi mizani na watu wote ndani: 2,930. Mbele 1,130, nyuma 1,800. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kwa jumla nilikuwa na nafasi ya kilo 120, lakini ekseli ya nyuma ilibakiwa na 50 peke yake. Anayesoma jumla tu angeongeza mifuko miwili ya saruji nyuma na kupita kiwango bila kujua.

Mteremko mrefu kutoka Timau hadi Isiolo tuliushuka kwa gia ya tatu, breki zikiguswa kidogo. Laisamis tuliacha barabara kuu, na lami ikaisha. Hapo nilipunguza mwendo badala ya kupunguza upepo wa matairi, kwa sababu kilo 1,800 zikidunda kwenye shimo huipiga ekseli kama mzigo mkubwa zaidi. Kila tuliposimama nilishika habu za nyuma, yaani vitovu vya magurudumu, kwa kiganja kuona kama zimepata moto. Zilikuwa vuguvugu tu hadi ziwani, na lori la saruji likafika baada yetu.