Mlango wa nani huo?

Nimerudi jana usiku na mpaka sasa nikikohoa natema mchanga, mgongo ndo usiseme. Ijumaa nilitoka Muscat, Oman, mara tu baada ya sala ya alfajiri, ubao wangu wa kupanda mawimbi nimeufunga ubavuni mwa pikipiki kwa kamba za mpira na kigodoro cha mtoto katikati usikwaruzike, nikashika njia ya Ibra. Kufika saa tatu jua halina tena huruma. Mwezi wa saba huku bara ukifungua kioo cha helmeti upate hewa unajuta, utadhani mtu kafunua tanuri la mikate usoni mwako.

Nikasimama sheli moja karibu na Bidiyah, michanga ya jangwa la Wahiba inaonekana kulia kwako, mirefu, myekundu. Mzee mmoja akaja kuukagua ule ubao, kaniuliza kwa Kiarabu, nikamjibu kwa hiki changu cha kuungaunga, akacheka: "Wewe mtu wa Unguja. Mlango wa nani huo umeubeba?" Kiswahili cha mjini kabisa! Sharqiya, huku mashariki mwa Oman, ndo ilivyo, familia chungu nzima zina upande wa Unguja. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia naenda Al Ashkharah, kule pwani, kupanda mawimbi. Akanitazama. "Na upepo huu wa kusi? Sisi kusi likikaza jahazi lilikuwa linapandishwa pwani, mwanangu, hakuna anayeigusa bahari."

Na kweli, wazee wa majahazi walikuwa wanatoka Unguja kuja huku kusi likianza tu, mwezi wa nne au wa tano, au wanangoja lilegee wa nane, pale katikati bahari imefungwa. Mie nimeendesha kilomita 300 na ushei kuifuata hiyo hiyo katikati, maana bila kusi Al Ashkharah haina wimbi la maana.

Halafu kile kitu ambacho picha haikioneshi, unaendesha unaungua unaungua, mara shingo inapata ubaridi, jasho linakauka, anga linakuwa la kijivu, bahari hujaiona bado. Nilipiga kelele ndani ya helmeti peke yangu kama mwehu.

Furaha haikudumu. Nilipoendelea kusini kidogo kutafuta sehemu isiyo na mawe, mchanga ulikuwa umelala juu ya lami, nikaogopa nikagusa breki ya mbele (kosa la kitoto), tairi likazama, nikalala chini polepole kama mtu anayepanda kitandani. Mie mzima. Ubao una ufa wa urefu wa kidole.

Niliingia nao hivyo hivyo. Maji yana baridi ya kushtua, kusi linasukuma maji ya juu yanaenda zake na ya chini yanapanda, na rangi ni chai ya maziwa. Kwa masaa mawili nimepata mawimbi matatu, moja tu nimesimama sawasawa, mengine bora nisiyasimulie.

Kurudi nikapunguza mwendo pale sheli. Mzee hayupo, bila shaka, ilikuwa usiku. Ufa nimeuziba na gundi, umekauka vibaya, na kusi limebaki kama wiki sita hivi.