Punje ya 23

Juzi binti yangu kaingia kutoka shule, hata viatu hajavua, kanisimamia na kikaratasi mkononi. "Mama, mimi ni punje ya 41. Wewe ulikuwa ya ngapi?"

Nilikuwa naosha vyombo. Nikamjibu "23" bila kugeuka, upesi mno, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki na sahani moja mkononi, naisuuza na kuisuuza.

Waliosoma shule za masista wameshaelewa. Oktoba ni mwezi wa rozari, ule uzi wa punje za kuhesabia sala, na shule ikiwa na uwanja na masista wenye nguvu, watoto watasimamishwa wawe Rozari Hai. Kila mtoto punje moja, kila punje sala moja. Punje ni 59: Baba Yetu 6, Salamu Maria 53. Wa kubeba msalaba hahesabiwi, ingawa yeye ndiye anayejiona zaidi ya wote.

Mwaka wa shule ile mimi siukumbuki kwa mihula. Naukumbuka kwa magoti na mishumaa. Jumatano ya Majivu tulikuwa tunachunguzana vipaji vya nyuso kuona nani kapakwa msalaba mzuri na nani kapakwa doa tu, na aliyepakwa doa alinuna hadi kengele ya kutoka. Siku chache kabla Sista alitutuma kurudisha matawi ya mwaka uliopita yakachomwe yawe hayo majivu, na kila mwaka kuna aliyesema la kwao limeliwa na mbuzi. Ijumaa za Kwaresima ni Njia ya Msalaba, vituo 14, piga goti, inuka, piga goti. Kufika kituo cha tisa, Yesu anapoanguka mara ya tatu, nasi tulikuwa tunaanguka naye. Mei mwezi wa Maria, maua. Komunyo ya Kwanza, soksi nyeupe zisizotakiwa kugusa vumbi. Igizo la Noeli, ambamo kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa kondoo. Sina kinyongo. Kondoo hana maneno ya kukariri.

Lakini ukiniamsha usiku wa manane uniulize siku moja tu ya shule, nitakutajia Alhamisi, 16 Oktoba 2003.

Tarehe hiyo sihitaji kuitafuta, maana Sista alitukaririsha mwezi mzima. Ilikuwa inatimia miaka 25 tangu Papa Yohane Paulo wa Pili achaguliwe. Tena mwaka mmoja kabla, tarehe hiyo hiyo, alikuwa ametoa barua ya kutangaza Mwaka wa Rozari na kuongeza Matendo ya Mwanga, fungu jipya la matukio matano ya maisha ya Yesu, kila tendo na Baba Yetu yake moja na Salamu Maria kumi, ya kusaliwa Alhamisi. Na tarehe 16 ikaangukia Alhamisi. Sista aliona hilo kama barua aliyoandikiwa yeye binafsi. Nyumbani, bibi yangu alikuwa bado hajayazoea matendo mapya. Alisema yeye mafungu matatu ya zamani yalimtosha kulea watoto tisa.

Tulifanya mazoezi wiki mbili. Uwanjani palichorwa rozari kubwa kwa chokaa, na kila mtu akapewa namba ya kubandika kifuani kwa pini. Punje za Baba Yetu walipewa warefu wa darasa la saba, wakatembea siku hizo kama waliopewa vyeo. Mimi wa darasa la tano nikaangukia tendo la pili, Salamu Maria ya saba. Namba 23. Wa 22 alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Wa 24 alikuwa kijana mmoja aliyekuwa na haraka katika kila jambo, hata kula.

Utaratibu ulikuwa huu, na naomba uushike, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Mwenzako anakuwashia mshumaa wako kwa mshumaa wake. Ukishawaka, unasali nusu yako: "Salamu Maria, umejaa neema..." mpaka "amebarikiwa". Watu wote wanaitikia "Maria Mtakatifu". Wakifika Amina, unamgeukia wa mbele yako, unamwashia. Hivyo moto unatembea na sala inatembea, mpaka rozari nzima inang'aa uwanjani gizani. Sista alisema pia kila punje iwe na nia yake, tumwombee mtu mmoja, na tusimwambie yeyote ni nani.

Rafiki yangu alikuwa amefiwa na mama yake likizo iliyotangulia. Sisi watoto hatukujua la kumwambia, kwa hiyo hatukumwambia kitu. Tulimpa penseli zetu tu. Alikuwa na sweta la shule ambalo kifungo chake cha pili kutoka juu kilishonwa kwa uzi mwekundu, vingine vyote vya bluu. Nilikitazama kifungo kile muhula mzima. Kabla ya hapo vifungo vyake havikuwa na cha kutazamwa.

Jioni ikafika. Wazazi wamezunguka uwanja, padre kavaa stola, jua limezama, upepo umetulia kama ulioambiwa. Nasadiki ikapita. Tendo la kwanza, Ubatizo wa Yesu, likapita vizuri mno, hata Sista akaanza kutabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Baba Yetu ya 16 akanguruma. Padre akatangaza tendo la pili: arusi ya Kana. Moto ukaanza kuja upande wetu. Wa 17. Wa 18. Nikawa nauona unasogea, na kila usogeapo mate yananikauka. Wa 21 akamaliza, akamgeukia rafiki yangu, akamwashia.

Akanyamaza.

Mshumaa wake ulikuwa umezungushiwa karatasi isidondoshe nta mkononi. Karatasi ile ilikuwa inapokea mwanga, imekuwa ya rangi ya asali, na juu yake nauona uso wake kwa chini: kidevu, midomo, tundu za pua. Midomo imefumbuka kidogo. Hakuna kinachotoka. Kifungo chenye uzi mwekundu kinapanda na kushuka. Nasikia mtoto mchanga analia kule kwa wazazi, nasikia mtu anakohoa kile kikohozi cha kumkumbusha mwenzake. Nyuma yangu mwalimu mmoja akanong'ona "jamani", basi. Na ule mwali wake, kwa kuwa upepo haukuwepo, ulikuwa umesimama wima kabisa. Kisha ukainama. Ukainama taratibu kumwelekea yeye, kama unaotaka kumwambia kitu mdomoni.

Niliuona. Nakuapia niliuona ukiinama. Sikujua maana yake.

Nikasema mimi. Na mshumaa wangu haujawashwa, nimesimama gizani, nikapaza sauti: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." Sauti ilitoka nzuri, tena. Uwanja mzima ukaitikia kwa nguvu ya watu waliotuliwa mzigo. Rafiki yangu akafumba mdomo. Ilipofika Amina akanigeukia, akaniwashia mshumaa bila kunitazama, macho yake kwenye utambi tu. Zamu yangu sasa ndiyo ilikuwa imefika. Lakini wa 24 alikuwa ameshanisikia nikisali, na kwake yeye aliyesali kamaliza. Akaegemeza mshumaa wake kwenye wangu, ukashika, akaanza kabla sijafungua kinywa.

Basi tukaendelea hivyo. Kumi letu likawa na Salamu Maria tisa.

Hakuna mzazi aliyejua. Lakini Sista alikuwa na rozari yake kiunoni na vidole vyake vilikuwa vinahesabu. Atukuzwe Baba ilipoanza nilimwona anaitazama ile punje moja iliyobaki kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akainua kichwa na kuutazama mstari wetu. Nikageuza macho.

Matendo mengine matatu yalikwenda, Salamu Malkia ikaimbwa, padre akatubariki, tukapiga picha ambayo sijawahi kuiona. Nta ilikuwa imenimwagikia kwenye kidole gumba na nilikuwa naona fahari nayo.

Sista akaniita kando. Nikajua nimekwisha. Badala yake akaniwekea mkono kichwani. "Leo umefanya kama Mama Maria kule Kana," akasema. "Hakuna aliyemtuma. Aliona upungufu tu, akasema: Hawana divai." Kesho yake akalirudia mstarini, mbele ya shule nzima, bila kumtaja rafiki yangu, ingawa kila mtu alijua. Nilipigiwa makofi. Kwa aliyekuwa kondoo miaka mitatu, makofi yale yalikuwa mengi. Nilitembea nayo miaka miwili.

Miaka miwili kasoro, kwa kweli. Tulikuwa darasa la saba, kwenye mafungo ya mwisho kabla ya kumaliza shule, tumepangwa wawili wawili kufagia kanisa. Yeye na mimi tulipewa upande wa sanamu ya Bikira Maria. Tulikuwa tunabandua nta iliyoganda sakafuni kwa visu vya mezani. Akaniambia, bila kuacha kubandua:

"Unajua nilikuwa naanza?"

"Kuanza nini?"

"Siku ile. Nilikuwa navuta pumzi."

Nikaacha kisu. Ule mwali ukanijia wazi, unavyoinama. Mwali hauinami wenyewe. Unavutwa.

Nilijitetea, bila shaka. Nikamwambia alikuwa amenyamaza muda mrefu, watu walikuwa wanangoja, mtoto mchanga alikuwa analia. Akasema anajua. Akasema alikuwa ameitunza ile Salamu Maria tangu siku tulipopewa namba, kwamba ya 22 ni ya mama yake, na alitaka kuisema yote bila sauti kukatika hata mara moja, ndiyo maana alikuwa anangoja sauti ikae sawa. "Ilikuwa karibu kukaa," akasema.

"Si ungeniambia?"

"Nia haisemwi. Sista alikataza."

Akasogea vigae viwili mbele, akaendelea. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, kwa sababu hasira unaiombea msamaha, mambo yanaisha. Nilimwambia pole. Akasema, "Hata wewe yako hukuisema." Ni kweli, na hadi dakika ile sikuwa nimeliwaza. Nia yangu, nitaisema sasa kwa kuwa Sista ameshatangulia mbele za haki: nilikuwa nimepanga kumwombea yeye.

Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimewahi kumsimulia padre mmoja, si katika kitubio, kwenye chai tu. Akacheka kwa upole, akasema Mungu alizipokea zote mbili, zilizosemwa na zisizosemwa. Ni jibu zuri, na la kipadre. Ila nikiisoma Injili ya Kana huwa nasogea upesi kutoka pale Maria anaposema hawana divai, hadi pale mwanawe anapomjibu kwamba saa yake haijawadia. Sista hakutufundisha sana mstari ule. Najua kwamba Maria hakukosea. Ninachojua kuhusu mimi ni kwamba sikusema kwa ajili ya rafiki yangu. Nilisema kwa sababu kimya kilikuwa kinanikaribia na mimi ndiye niliyekuwa nafuata.

Yeye tunawasiliana, Noeli na Pasaka, ujumbe mfupi wa heri. Hatujawahi kulirudia.

Jana usiku nilikuwa nambandikia binti yangu namba yake kwenye sare, kwa pini, nahakikisha haikai upande. Kasimama mikono juu kama anayepekuliwa. Anazijua sala zote, amenisomea mara tatu. Halafu akauliza:

"Na wa 40 akinyamaza? Huwa anasahau. Nimsaidie?"

Pini ilikuwa mdomoni mwangu, ikanipa nafasi kidogo.

"Msubiri," nikamwambia.

"Hadi lini?"

Nikamwambia alete viatu vyake, nivipige rangi kabla hatujalala.