Mke Doha, mayai kwenye friji: tulivyouvuka mwaka 2020 hapa Kisumu

Hadi leo kuna watu wanaoniuliza kwa nini sikumrudisha mke wangu nyumbani corona ilipoingia Qatar, na wanauliza kama walio na jibu tayari. Ushauri niliopewa mwaka ule ulikuwa mwingi, na karibu wote ulinitaka nibomoe kitu: avunje kazi yake, watoto wagawiwe ndugu, kipande chetu cha shamba kiuzwe. Sikubomoa chochote; tuliishi kwa kuangulia vifaranga ndani ya friji mbovu, na najivunia hilo.

Mke wangu alikuwa mhudumu wa hoteli Doha. Mimi nilikuwa nikifundisha sayansi katika shule ya kibinafsi hapa mjini. Shule zikafungwa katikati ya Machi 2020, na sisi walimu wa shule za kibinafsi mishahara ikakatika. Kule Doha hoteli ikakosa wageni, wafanyakazi wakapewa likizo bila malipo, wakaachiwa chumba na chakula tu. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi hadi Agosti, kwa hiyo aliyekuwa ananiambia mwezi wa Aprili "mwambie apande ndege" hakuwa amefuatilia hata taarifa ya habari. Isitoshe, Industrial Area, mtaa wa Doha wenye wafanyakazi wengi wa kigeni, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maambukizi. Yeye aliishi kwingine, namshukuru Mungu.

Tulikubaliana wawili kwamba abaki. Chakula anakula, chumba anacho, na hoteli siku moja zitafunguliwa. Saa za Doha na za Kisumu ni zilezile, basi kila usiku baada ya chakula watoto walimtumia ujumbe wa sauti, na yeye akawajibu kabla hawajalala. Hilo halikuwahi kukosa, hata siku ambazo bando ilinunuliwa kwa shilingi za mwisho.

Mama mkwe alituma neno kupitia shemeji, maana kwa heshima zetu za Kiluo mimi naye hatuketi kujadiliana mambo kama hayo. Alitaka awachukue watoto Siaya. Nikajibu kwa njia hiyohiyo: nashukuru sana Mama, watoto nitakaa nao, lakini ukiwa na mayai ya kienyeji yaliyotagwa wiki hii na kuna jogoo bomani, nitumie. Akatuma trei mbili kwa matatu, zimefungwa kwenye maganda ya mpunga, na hakuna lililopasuka.

Jirani mmoja alikuwa amening'ang'ania nifuge aluru, yaani kware. Aluru! Mtu yeyote aliyekuwa hapa Nyanza anakumbuka kware walivyopanda bei mwaka 2013, watu wakakopa, kisha 2014 ikawa hata wa kuwapa bure hawapati. Mimi nilitaka vifaranga wa kienyeji, kwa sababu niliona kila aliyefungiwa nyumbani na mwenye ua wa futi kumi anatafuta kuku wa kufuga.

Mashine ya kuangulia mayai niliiunda kwa friji mbovu iliyokuwa imegeuzwa kabati. Friji hushika joto vizuri, na hiyo ndiyo sababu tu. Feni ilitoka kwenye kompyuta kuukuu, themostati kwa fundi wa jua kali Kibuye, na balbu ni zile za zamani zinazochoma mkono, si za kuokoa umeme, maana hizo hazina joto la maana. Yote yalinigharimu kama elfu tatu, labda na kitu.

Fundi huyohuyo aliniambia: "Mwalimu, unyevu usikusumbue, nyunyizia mayai maji kila jioni, inatosha." Siku ya 21 ikafika, wakatoka wachache, kisha kimya. Nilipasua mayai yaliyobaki, kifungua mimba akiwa kando yangu. Ndani mlikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, wengine wamekwisha kutoboa ganda, wamekufa wakiwa wamenaswa na utando uliokauka. Mtoto alilia. Nami nilikasirika sana, kwa sababu ushauri ule hutolewa kila siku na watu wanaoziuza mashine hizi.

Unyevu lazima upimwe, na kipimo cha dukani kilikuwa ghali. Hapa ndipo darasa la fizikia lilipolipa. Chukua vipimajoto viwili vinavyofanana. Kimoja kiache kikavu. Kingine kivike utambi wa taa ya mafuta kwenye ncha yake, mwisho wa utambi uzame kwenye kikopo cha maji, na upepo wa feni ukipige. Maji yanapokauka kwenye utambi hupoza ncha. Hewa ikiwa kavu, tofauti ya vipimo viwili inakuwa kubwa. Kikavu kisome nyuzi 37.5 za Selsiasi. Chenye utambi kisome kama 29 na nusu kwa siku 18 za kwanza, hapo unyevu ni karibu asilimia 55. Siku tatu za mwisho unaongeza sahani za maji hadi kisome 32, na mlango haufunguliwi hata ukiwasikia wakilia ndani. Utambi ulikuwa wa shilingi kumi! Kundi lililofuata lilitoka karibu lote, na usiku ule mama yao alisikilizishwa sauti za vifaranga mpaka simu ikaisha chaji.

Kugeuza mayai ilikuwa kazi ya watoto: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, asubuhi, mchana na usiku. Mara tatu, si mbili wala nne, ili upande unaolala chini usiku kucha ubadilike kila siku. Walinigombeza mimi nikichelewa.

Stima ilipotea mara nyingi. Sakafu ya friji niliijaza chupa za plastiki zenye maji, zikakaa humo siku zote zikishika joto. Gizani tulibadilisha mbili au tatu kwa maji ya moto kutoka jikoni, na kipimajoto hakikushuka sana.

Chupa ndogo kabisa niliyopata ya chanjo ya Newcastle, yaani kideri, ilikuwa ya kuku mia, na ikishachanganywa haikai, hivyo tulichanga majirani tukachanja siku moja. Tulitumia maji ya mvua, kwa kuwa klorini ya mfereji huua chanjo. Vifaranga niliuza kama mia moja kila mmoja. M-Pesa ya chini ya elfu moja haikuwa na makato wakati huo, nikawaomba wateja wagawanye malipo.

Pesa hizo zililipa kodi na chakula, na mwezi mmoja tulimtumia mama watoto vocha huko Doha. Mwishoni mwa Agosti 2020 Qatar ikabadilisha sheria, mfanyakazi akaweza kuhamia mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Wale waliotaka arudi hawakuwa na habari. Yeye alihamia kampuni ya usafi wa hospitali, na kuanzia Machi 2021 kima cha chini kikawa riyali 1,000, chumba na chakula mbali. Kifungua mimba alikuwa darasa la nane, akarudi shule tarehe 12 Oktoba na karo ya muhula imelipwa.

Mashine bado inafanya kazi. Ukitaka kuanza, balbu na feni si tatizo. Muulize muuzaji mayai yalitagwa lini. Yakipita siku kumi usiyachukue, hata kama ni ndugu yako anayeuza.