Siku moja maishani mwangu: nalipwa kuichafua ndege mpya

Saa kumi na moja alfajiri nishafungua karakana. Huko si kujituma, ni kukimbia joto. Huku Maskati mwezi wa Julai jua likishapanda, rangi hukaukia hewani kabla haijafika kwenye bawa, ikakaa juu yake kama ganda la chungwa. Na ganda la chungwa maana yake ni msasa wa siku mbili.

Kazi yangu ni kuunda na kupaka rangi ndege za modeli zinazorushwa kwa rimoti na kusukumwa na injini ya jeti ya kweli. Mama yangu kule Kisauni amewaambia majirani kwamba mwanawe ni injinia wa ndege. Shemeji yangu husema natengeneza vidude vya watoto. Wote wamekosea, ila shemeji kakosea zaidi. Iliyoko mezani kwangu wiki hii ni Hawker Hunter, ndege ya kivita ya zamani ya Waingereza, moja ya tano ya ile halisi: urefu karibu mita 2.8, bawa kwa bawa zaidi kidogo ya mita 2, kilo 19 kabla ya kutiwa mafuta. Injini yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Mtoto wa nani huyo wa kupewa kidude hicho?

Nilikuja huku kama fundi wa rangi za magari. Kabla ya hapo nilikuwa Mombasa nikipamba matatu, na matatu yangu yalikuwa yaking'aa mpaka makanga wakijitazamia ndevu kwenye mlango. Arbabu wangu, yaani bosi, hapa sanaiya ya Ghala, mtaa wa viwanda na karakana, ni mpenzi wa hizi jeti. Siku moja akaniletea pua ya ndege iliyochubuka, akasema jaribu. Hiyo ni miaka sita sasa, na gari sijalishika tena.

Mpaka saa moja nilikuwa napiga ribiti, ile misumari ya kushikilia mabati ya ndege, kwenye matangi mawili ya akiba yanayoning'inia chini ya mabawa. Ribiti zangu ni matone ya gundi nyeupe ya mbao. Naitia kwenye bomba la sindano lenye ncha butu, nagusa, nanyanyua, nasogea milimita tano, nagusa tena. Tone likizidi ni chunusi, likipungua praima, ile rangi ya chini, inalimeza na kazi yako haionekani. Pumzi unaibana, mkono unauegemeza kwenye kidole kidogo, na shavuni nzi anatembea anavyotaka. Ndege nzima ina ribiti zaidi ya elfu nne. Sikuzihesabu mimi. Alizihesabu mwenzangu wa Kerala, India, tunayemwita Chetta, siku umeme ulipokatika akakosa la kufanya. Yeye ndiye bwana wa nyaya, sevo (zile mota ndogo za kuiongoza ndege) na injini. Mimi ni bwana wa kila kinachoonekana kwa macho.

Chai ya maziwa na porota, dakika kumi.

Saa moja na nusu nikaingia kwenye kazi ambayo hata wenye pesa zao hawaielewi, nayo ni kuchafua. Ndege ya kijeshi haing'ai. Inalala juani, inamwagikiwa mafuta, mafundi wanaikanyaga, mchanga unaipiga msasa bila malipo. Ukiijenga modeli ukaiacha mpya, hata ribiti zikiwa elfu kumi, ikiruka itaonekana plastiki. Kwa hiyo nachukua rangi ya mafuta nyeusi yenye uhudhurungi kidogo, naizimua iwe maji, naiachia ikimbie kwenye mistari ya mabati. Mistari hiyo niliitengeneza kwa kubandika tepu nyembamba kama uzi, nikapiga praima mikono kadhaa, kisha nikaibandua ikaacha mifereji. Rangi ikishajaa mferejini nafuta kwa kitambaa, kutoka puani kuelekea mkiani, kama upepo unavyopita. Ukifuta kinyume, anayejua ndege atakuona kutoka ng'ambo ya barabara.

Raha yangu kwenye Hunter ni mizinga. Ndege ile ilikuwa na mizinga minne ya milimita 30 chini ya pua, na ikishapiga, tumbo lote la mbele linakuwa kama dari la jiko la kuni. Nasaga chaki nyeusi na ya kijivu ziwe unga, nachukua brashi laini, naanzia mdomoni mwa mzinga. Pale panakuwa peusi tii, kisha masizi yanafifia yakirudi nyuma, yanaruka kidogo kwenye kila kiungo cha bati, yanachepuka. Yakinyooka sana ni uongo. Jana jioni nilimaliza mizinga yote minne. Leo saa mbili nikapiga juu yake mkono wa mwisho usio na rangi, ule usiong'aa, ili unga usipeperuke. Nikaning'iniza kibao: USIGUSE, kwa Kiarabu, Kiingereza na Kimalayalam, lugha ya akina Chetta.

Saa nne akaja mwenye ndege.

Huyu ni mzee wa makamo, mmoja wa wale ambao wazazi wao walikuja Oman kutoka Unguja miaka ya 1970, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Kanzu nyeupe pe, kofia ya kudarizi, na harufu ya udi iliingia dakika moja kabla yake. Akaizunguka ndege mara mbili, kimya. Nikajua hapa pana neno.

“Kijana, hii nini hii?”

“Masizi ya mizinga, ami.”

“Mzinga wa nani? Mimi nimeagiza ndege, sikuagiza sufuria.”

Nikacheka, nikidhani mzaha. Hakucheka. Akatoa simu, akanionyesha picha ya Hunter iliyosimamishwa juu ya nguzo, inameremeta kama bakuli la kauri. Nikamwambia taratibu kwamba ile imestaafu, imepakwa rangi upya kwa ajili ya watazamaji, haijanusa baruti miaka na miaka. Oman walipewa Hunter na Jordan mwaka 1975, zikafanya kazi mpaka mapema miaka ya 1990, na kazi yenyewe ilikuwa kusini, jangwani. (Hata sisi Kenya tulikuwa nazo miaka ya 1970, lakini hilo nililinyamazia, nisije nikaonekana najipendekeza.)

“Nazijua mimi,” akasema. “Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi kambi ya ndege ya Thumrait, kule kusini. Ndege hizi alikuwa akizikosha kwa mikono yake. Sasa weye wanambia baba yangu alikuwa hakoshi?”

Hapo ulimi ukanikauka. Mpaka dakika ile nilidhani tunabishania rangi. Chetta, ambaye haelewi Kiswahili hata neno, aliinama kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

Akataka niiondoe yote, pua mpaka mkia. Nikamwambia ni wiki mbili. “Wiki mbili za nini? Si kupulizia tu?” Jamani, hiyo “kupulizia tu” nimeisikia tangu Mombasa na kila mara huniuma mahali pale pale. Kupulizia ni dakika ishirini. Kabla yake kuna msasa wa maji namba 400, 800, 1000, kuziba mashimo ambayo jicho halioni ila rangi inayaona, kuosha, kukausha, kufunika kila kisichotakiwa kuguswa, kupiga, kungoja, kupiga tena. Ribiti zangu nazo ni gundi ya mbao, na msasa hauwahurumii wanyonge. Nilimweleza yote hayo kwa adabu. Akaitikia kwa kichwa, akauliza, “Kwa hiyo Alhamisi itakuwa tayari?”

Ikaletwa kahawa. Ikaletwa na tende. Arbabu akapita, akaamkia, akaona hali, akakumbuka ana miadi benki. Saa tano ikagonga nikiwa bado nimesimama na kitambaa mkononi, rangi ya mafuta inakauka kwenye mifereji ya bawa la kulia niliyoiacha bila kufuta. Nilikuwa naiona ikikauka. Kila sentensi ya mzee ilinigharimu mifereji mitatu.

Mwishowe nikamuuliza kama anayo picha yoyote ya marehemu akiwa kazini. Akampigia bintiye, bintiye akamwendea bibi, bibi akatafuta albamu, na picha ikafika baada ya kama dakika ishirini. Rangi zilikuwa zimekwisha kuingia wekundu wa uzee. Kijana mwembamba wa ovaroli, magoti meusi kwa oili, amesimama chini ya pua ya Hunter, kiganja kimoja amekiegemeza kwenye bati. Na nyuma ya kile kiganja masizi yametoka kwenye midomo ya mizinga, yamerudi nyuma, yamechepuka, yamefika kwenye kifuniko cha gurudumu. Kuzidi yangu. Mimi nilikuwa nimejizuia.

Mzee akaikuza picha kwa vidole viwili. Akanyamaza sana.

“Labda hapa hajaikosha bado,” akasema.

“Labda, ami.”

“Imetua sasa hivi.”

“Hilo halina shaka.”

“Basi ichafue. Lakini si sana.” Na akanyoosha mkono, akaegemeza kiganja chake puani, pale pale, kama babake kwenye picha.

Niliona mkono ukienda. Nilifungua mdomo. Sikuwahi.

Akautoa, akatazama dole gumba lake. “Hii haijakauka?”

“Bado, ami.”

“Ungesema.”

Kibao kilikuwa kinaning'inia hatua moja kutoka sikioni mwake. Alipoondoka nikagundua kasoro: sikuandika kwa Kiswahili.

Chetta akashauri tuliache lile dole. Ndege halisi zimejaa alama za mikono, akasema. Kweli zimejaa, lakini dole la mtu mzima kwenye ndege ya moja ya tano ni dole la jitu. Likabidi liondoke.

Kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, miezi hii ya kiangazi, sheria huku hairuhusu kuwafanyisha watu kazi juani. Karakana ina paa, kwa hiyo sheria haikunihusu, ila saa hizo zilipita hivi nikizisikia kwa mbali. Nikasugua dole. Likatoka, likatoka na masizi ya mzinga wa pili. Nikatia masizi upya, yakawa mapya kuliko ya jirani zake. Nikaongeza ya jirani. Sasa upande wa kushoto ukawa mweusi kuliko wa kulia. Wa rangi watanielewa: ni kama kukata miguu ya meza inayoyumba. Wakati mmoja nilikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, brashi mdomoni, natazama tumbo la ndege, na sikumbuki nilikaa saa ngapi. Chakula cha mchana nilikila wakati gani sijui. Nilikila, maana sahani ilikuwepo.

Jua lilipolegea tukaitoa nje kuwasha injini, ikiwa imefungwa kamba kwenye vyuma viwili vilivyochimbiwa ardhini. Mafuta yake ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kiasi cha asilimia 5, maana beringi zake hulainishwa na mafuta hayo hayo inayoyachoma. Jaribio la kwanza likagoma. La pili likawaka likazima. Chetta akaukodolea macho mpira wa mafuta, akaniita. Kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa kinasafiri. Hewa ikiingia, moto unazimika. Ardhini ni usumbufu tu, angani ni kilo 19 zinazotafuta pa kuangukia. Kiungio kilikuwa kimelegea robo mzunguko. Akakikaza.

Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi mkononi kwangu, tayari kwa moto. Ule wa unga hatuugusi, ungeizima injini ukaiua vile vile. Mota ndogo ikaanza kuzungusha, moto ukashika, mlio ukapanda kutoka mbu hadi king'ora hadi kitu unachokisikia kwenye meno. Mjerumani Kurt Schreckling alipounda injini yake ndogo ya jeti nyumbani, gurudumu la kusukuma hewa alilichonga kwa mbao. Nikisikia mlio huu huwa namfikiria yeye na ile mbao yake. Nyuma ya mkia hewa ikatetema, na kokoto zikahama makwao. Nikazunguka nikiwa mbali, nikatazama pua. Masizi yangu yalitulia. Hakuna kilichopeperuka.

Tulipozima, mota ikaendelea yenyewe kuvuta hewa ili kuipoza injini mpaka joto lishuke chini ya nyuzi mia. Mlio wake wakati huo ni kama wa mtu anayeshusha pumzi kwa hatua. Nikapiga video fupi, nikamtumia mzee.

Magharibi ilinikuta natoa rangi kwenye kucha kwa thina. Saa mbili usiku niko kitandani, miguu ukutani, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wa mzee, nyuma yake vyombo vinagongana jikoni.

“Kijana, nimemwonyesha mama ile ndege. Kaitazama weee. Asema mbona safi hivyo? Asema baba alikuwa akirudi nguo hazikosheki. Sasa hebu nambie, waweza kuongeza kidogo? Na Alhamisi iko pale pale, eh?”