Faiba nyumbani, Debian mlangoni

Taa ya PON, ile ya laini ya faiba, ilipowaka kijani, fundi akaomba kompyuta apimie. Nikamsogezea kompyuta yangu ya mezani, ya zamani, yenye Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Akaitazama.

"Kaka, yenye Windows hamna humu ndani?"

Haikuwepo. Nikamwomba aweke kile kisanduku chao kwenye bridge, yaani kipitishe laini tu bila kuwa ruta, aniachie jina na nywila ya PPPoE, njia ya kujitambulisha kwa kampuni ili laini ifunguke. Alisita, akaniandikia nyuma ya risiti, akaenda zake.

Nilitaka mashine yangu ndiyo iwe ruta ya nyumba, maana ruta za kupewa sizipendi. Kuunganisha kwenyewe kulikuwa kwepesi: `sudo pppoeconf` ikatafuta laini, ikauliza jina na nywila, kisha `pon dsl-provider` ikaleta intaneti. Kadi ya pili ya mtandao nikaipeleka kwenye ruta kuukuu ibaki kugawa waifai tu.

Shughuli ikaanzia hapo. Kwenye Debian kila tovuti inafunguka. Kwenye simu za watoto WhatsApp inapita vizuri, lakini tovuti nyingine zinazunguka tu mpaka unakata tamaa. Dalili hiyo ukiiona nyuma ya PPPoE, shuku MTU kwanza, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti inayoweza kupita kwenye laini. Ethaneti, mtandao wa waya wa kawaida, hubeba pakiti ya data ya baiti 1500. PPPoE huchukua 8 za vichwa vyake, zikabaki 1492. Debian inalijua hilo kwa kuwa ndiyo iliyopiga laini. Simu haina habari, inaiambia seva ilete pakiti kamili. Ikija nene inadondoshwa njiani, na ujumbe wa ICMP (taarifa za hitilafu za mtandao) wa kuionya seva umezuiwa na faiawoli ya mtu fulani huko.

Nikapima kwa laptopu iliyokuwa kwenye waifai: `ping -M do -s 1464 1.1.1.1` ikapita, 1465 ikagoma. Ongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP, unapata 1492 kamili. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye Debian, unaopunguza ukubwa wa pakiti ambao simu na seva zinatajiana zinapoanza kuongea:

`iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu`

Tovuti zikafunguka papo hapo. Uhifadhi mstari huo, la sivyo ukiwasha mashine upya haupo.

Siku hizi laini ikikatika naandika `plog`, inayoonyesha kumbukumbu za laini, kabla ya kuipigia kampuni simu. "Timeout waiting for PADO packets" maana yake upande wa pili hakuna anayeitika, basi nawaambia hivyo hivyo. Ikiwa ni "CHAP authentication failed", yaani jina na nywila vimekataliwa, kwanza naangalia kama kifurushi kimelipiwa.