Kaburi la Sobukwe, na kofia yangu

Nilikua Port Elizabeth, Afrika Kusini, kikazi (mji siku hizi unaitwa Gqeberha, hiyo "Gq" ulimi wangu umegoma mpaka leo), wikiendi ikafika nikaona siwezi kushinda hotelini, tukachukua gari na jamaa wawili wa kazini mpaka Graaff-Reinet, kama kilomita 250 kuingia bara, nyika kavu ya Karoo, unaendesha weee unaona kondoo tu.

Mi nilifuata mawe. Tukapanda Valley of Desolation, ndani ya hifadhi ya Camdeboo, aisee! Nguzo za mwamba zimesimama zenyewe, zingine zinafika mita 120, utadhani fundi alianza ukuta akalala mitini. Upepo nusura uninyang'anye simu. Ukigeuka unauona mji wote chini, mto Sundays umeuzunguka.

Nikampigia mjomba Bagamoyo video nimuoneshe. Akaangalia weee, halafu: "Hapo si ndo kwao Sobukwe? Kaburini ushafika?" Nikajifanya network mbaya. Ujanani mjomba alikua karibu na wale wakimbizi wa PAC (chama alichokianzisha Sobukwe kupinga ubaguzi wa makaburu) waliopewa makazi Bagamoyo, Sobukwe anamtaja kama vile ni babu yake mzaa mama.

Basi tukashuka. Mji ni wa 1786, nyumba nyeupe za kidachi zimetunzwa vizuri mno, majengo zaidi ya 200 ni urithi wa taifa, kanisa kubwa la 1887, vibao kila kona, mpaka mzabibu wa 1870 una historia yake. Kibao cha kaburi sikukiona. Labda macho yangu, ila nilikereka.

Tukaenda uMasizakhe, mtaa aliozaliwa Sobukwe 1924. Nikamkuta mzee kakaa nje kwake, "Molo, tata" (tata ni baba, hapo hata Mbantu wa kwetu hapotei), nikaeleza shida yangu. Hakutuelekeza, aliingia garini mwenyewe. Njiani anasimulia kama habari za jirani: 1960 Sobukwe aliacha nyumbani pasi (kile kitambulisho weusi walilazimishwa kutembea nacho) akaenda polisi akamatwe, siku hiyohiyo mtaa wa Sharpeville polisi wakaua watu 69 waliokua wanapinga pasi hizohizo, akafungwa miaka mitatu, na ilipoisha bunge likatunga kifungu cha sheria cha kumzuia yeye asitoke, akapelekwa kisiwa cha gereza, Robben Island, miaka sita mingine, kibanda cha peke yake, hakuna kuongea na wafungwa wenzake. Akafa 1978 Kimberley, bado amewekewa vikwazo.

Kaburini mzee akanyamaza. Limewahi kuvunjwa zaidi ya mara moja. Aliinama akaokota kipande cha chupa, akakitia mfukoni, nikajua si mara yake ya kwanza. Hayo mawe ya juu nikawa nishayasahau kabisa.

Nikapigwa picha, nikamtumia mjomba kwa mbwembwe, nasubiri sifa. Ikaja meseji moja tu: "Mjomba, kaburini unasimama na kofia?"

Ikabidi turudie picha.