Daktari Mwenye Meno ya Kahawia

Mgonjwa wa kwanza niliyemng'oa jino alikuwa mzee wa Mkuranga, amevua barghashia yake akaipakata, kiganja kimoja kimeshika shavu la kulia. Hakuwa amelala usiku kucha. Hilo alilitamka kabla hata ya kuitikia salamu.

Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari wa meno pale Muhimbili, na arobaini nilikuwa nimeshaivuka. Darasani waliniita Babu. Sikuona sababu ya kukasirika, maana wengi wao walikuwa rika la watoto niliokuwa nawafundisha kemia Arumeru kabla sijaacha chaki. Miaka miwili ya mwanzo tulichanganywa na wa udaktari wa kawaida, tukasoma mwili mzima kuanzia utosi hadi unyayo, na hapo ndipo umri ulinitesa kweli. Kijana anasoma mishipa ya fahamu ya uso usiku mmoja na asubuhi anaitaja kama majina ya nduguze. Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha twisheni Magomeni, kodi ya chumba ikiwa haijatimia, nikisinzia juu ya daftari. Mke wangu alibaki Usa River na watoto na duka la madaftari. Duka lile ndilo lililonisomesha, na kama kuna cheti kitakachotundikwa ukutani kitatundikwa dukani.

Watu huniuliza kwa nini meno. Jibu ninalo mdomoni. Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na anayepajua atajua ninachosema. Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwetu kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Ongeza na magadi tunayolainishia maharage na makande, nayo yana floridi yake. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yatatoka na madoa meupe, au ya kahawia, na wengine yanatoboka vishimo. Ukishavuka umri huo hayakupati. Ndiyo maana mgeni anayehamia kwetu akiwa mtu mzima atakaa miaka ishirini meno yake meupe pe, na sisi wenyeji tunaonekana hatuujui mswaki.

Siku moja nilikuwa nafundisha halojeni, kidato cha tatu. Nikafika kwenye florini, ile elementi inayotupa floridi, nikaeleza habari ya maji yetu. Binti mmoja dawati la nyuma akauliza, kiganja kikiwa mbele ya mdomo kama walivyozoea wote wakitaka kucheka au kusema, "Kwa hiyo mwalimu, si uchafu?" Darasa likanyamaza kimya. Nilifundisha miaka mingine baada ya pale lakini swali lile halikunitoka. Kaka yangu aliponiuliza kwa nini basi nisisomee uhandisi wa maji, nikazuie jambo lenyewe kwenye chanzo, sikuwa na jibu la kumridhisha. Mpaka leo sina.

Turudi kwa mzee. Msimamizi wetu siku hiyo alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kidato cha nne, mmoja wa wale wanaomaliza mtihani mapema halafu wanakaa kuchora pembeni mwa karatasi. Sasa alikuwa daktari kamili, mkufunzi msaidizi, na bila sahihi yake hakuna nilichofanya ambacho kingehesabika. Jambo hili tulikuwa hatujalipatia utaratibu. Mimi nilimwita Dokta, kwa heshima ya koti lake. Yeye hakuweza kuniita vingine ila mwalimu, na kila asubuhi, popote tulipokutana, aliniamkia.

Akafika kwenye kiti chetu. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba Dokta."

Mzee akatutazama kwa zamu. Mwenye koti la kudaktari amemwamkia huyu mwenye upara. Akatulia, akajiegemeza, akaniambia, "Alhamdulillahi. Nilidhani nitaachiwa hawa vijana."

Dokta alinitazama, macho yake yakicheka juu ya barakoa. Nikataka kumweleza mzee ukweli, kwamba mimi ni mwanafunzi na huyu ndiye msimamizi, kwa kuwa ni haki yake kujua na kukubali au kukataa. Nikashusha barakoa ili anisikie vizuri.

Hakusikia neno. Alikuwa anatazama meno yangu.

"Daktari," akasema taratibu, "mbona mwenyewe yamekuharibikia?"

Wenzangu wa kiti cha jirani wakageuka. Nikamwambia, "Mzee wangu, haya ni ya maji. Mimi mtu wa Arusha."

"Ya maji?"

Nikamweleza kama nilivyokuwa nawaeleza wale watoto: mlima, mwamba, kisima. Nikagonga jino la mbele kwa ukucha asikie lilivyo gumu. Nikamwambia rangi ni rangi tu, jino lake la kulia ni jeupe kuliko yangu yote na ndilo lililomnyima usingizi. Hapo akacheka, akashika shavu kwa maumivu. Nikamalizia na ile habari ya kuwa mwanafunzi. Akamtazama Dokta, akanitazama mimi, akasema maneno ambayo nimeyaweka: "Mwanafunzi si mwanafunzi, huyu anakuamkia. Ng'oa."

Lilikuwa gego la pili la chini, kulia, limeoza mpaka ndani na kubaki kuta mbili. Tulishampima presha na kuangalia picha ya eksirei. Nikachoma ganzi pale nyuma ya taya mshipa wa fahamu unapoingilia mfupani, nikisukuma dawa polepole sana, maana sindano ya haraka ndiyo inayouma. Tukasubiri. Nikamuuliza mdomo unasikiaje, akasema mzito, kama si wake. Hiyo ndiyo dalili tunayoitaka.

Kwa magego ya chini ya kulia, anayetumia mkono wa kulia husimama nyuma ya mgonjwa. Nilishukuru: jasho langu hakuliona. Wengi hudhani jino huvutwa. Kwanza unalisukuma. Meno ya koleo unayazamisha chini kuelekea mizizi, ndipo unaliyumbisha nje na ndani, nje na ndani, mfupa upanuke kidogo kidogo, huku mkono wa pili umebeba taya. Miaka yote ya kuandika ubaoni ilikuwa imenipa bega lisilochoka upesi, na hilo darasani hakuna kijana aliyekuwa nalo. Pakalia kama kuni mbichi. Mzee hakusogea. Kisha nikahisi limelegea mkononi, likatoka na mizizi yake yote miwili, mizima.

Nikalibana pengo, nikampa pamba ya kung'ata kwa nusu saa, nikamwambia asisukutue mpaka kesho, kisha aanze maji ya vuguvugu yenye chumvi. Akaomba kuliona jino. Akalitazama kwa chuki ya dhati.

Dokta akachukua faili langu. Alisoma kila mstari kwa kidole, akafika kwenye kipimo cha ganzi: mililita 1.8. Akasimama hapo.

"Yuniti umeweka," akasema.

"Nilijua utaziangalia."

"Ulinikata maksi nne kwa yuniti, mwalimu. Moko ya mkoa." Akatia sahihi.

Mzee alikuwa ameshatoka, pamba mdomoni, na kule kwenye benchi la kusubiri tulimsikia akijitahidi kusimulia, mkono ukionyesha mlango wetu. Baada ya muda muuguzi akachungulia. Kuna wawili, akasema, hawataki kuingia chumba kingine, wanamtaka yule daktari mkubwa wa Arusha mwenye meno ya kahawia.

"Waambie wasubiri," Dokta akamjibu. "Bado anajaza fomu."